Tiba nyongeza za saratani na takwimu iliyosomwa nusu

Mjadala wa tiba nyongeza kwa wagonjwa wa saratani ukishapamba moto, kuna takwimu moja isiyokosa kutajwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha katika jarida la JAMA Oncology utafiti ulioonyesha kwamba wagonjwa waliochanganya matibabu ya hospitali na tiba nyongeza walikuwa na hatari ya kufa mara 2 ya wenzao waliotibiwa hospitalini tu. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai katika kundi la kwanza ni asilimia 82.2, na katika kundi la pili ni asilimia 86.6. Wapo madaktari wanaoichukua takwimu hiyo kuwa hukumu ya mwisho, na mgonjwa anayeuliza kuhusu tangawizi au sindano za akupancha anaambiwa aachane na hayo yote.

Takwimu yenyewe ni ya kweli. Waliosoma muhtasari tu ndio waliokosa sehemu yake muhimu zaidi.

Tuanze na wahusika. Rejesta iliyotumika ilikuwa na wagonjwa takriban milioni 1.9 wa saratani ya titi, tezi dume, mapafu na utumbo mpana ambayo haikuwa imesambaa. Kati ya hao wote, walioandikwa kuwa wamechanganya tiba ni 258. Yeyote aliyewahi kukaa kliniki ya saratani anajua kwamba wanaotumia kitu cha ziada ni wengi kupita hapo kwa mbali. Hao 258 waliingia kwenye kumbukumbu kwa sababu faili zao zilibeba alama ya matibabu ya saratani yasiyothibitishwa yaliyotolewa na watu wasio wahudumu wa afya. Kwa hiyo aliyekandwa mgongo na muuguzi au aliyefanya mazoezi ya kupumua hakuhesabiwa humo. Na walichotumia hao 258 hasa ni nini, rejesta haisemi.

Sasa angalia walichokifanya na matibabu ya hospitali. Asilimia 7.0 yao walikataa upasuaji, wakati katika kundi la kulinganisha waliokataa ni asilimia 0.1. Tibakemia ilikataliwa na asilimia 34.1 dhidi ya 3.2, na tiba ya homoni na asilimia 33.7 dhidi ya 2.8. Mionzi ilikataliwa na asilimia 53.0 dhidi ya 2.3. Zaidi ya nusu ya walioshauriwa mionzi hawakuipata! Kuingizwa kwenye kundi la "waliochanganya" kulihitaji kupokea angalau tiba moja ya hospitali, basi. Aliyepasuliwa titi, kisha akakataa mionzi na vidonge vya homoni, alihesabiwa humo humo. Na watafiti wenyewe walipoingiza kukataa na kuchelewa kwenye hesabu zao, tofauti ya vifo kati ya makundi hayo mawili haikuwa tena na uzito wa kitakwimu.

Haki itendeke kwa upande wa pili: kutoonekana kwa tofauti katika watu 258 hakuthibitishi usalama. Hesabu ya mwisho ilibaki na hatari iliyoelemea juu, mara 1.39, na sampuli ndogo namna hiyo inaweza kuficha madhara ya kweli. Lakini swali la daktari linabadilika. Akiwa na mgonjwa mbele yake, la kutafuta kwanza ni kama kuna matibabu anayopanga kuyaruka. Chupa alizonazo mkobani zinafuata baada ya hapo. Kundi hilo hilo la Yale lilichapisha pia utafiti mwingine kuhusu waliochagua tiba mbadala pekee, na hatari yao ya kufa ilikuwa mara 2.5, kwa saratani ya titi ilizidi mara 5. Hapo hakuna cha kujadili.

Wanaopinga wana hoja nyingine nzito kuliko takwimu hiyo, nayo ni mwingiliano wa dawa. Mmea wa St. John's wort, unaouzwa kama dawa ya sonona, unachochea vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa. Katika utafiti mdogo, wagonjwa walioutumia pamoja na irinotekani, dawa ya tibakemia, walipungukiwa asilimia 42 ya kiini tendaji cha dawa hiyo kwenye damu. Mgonjwa anakuwa amechomwa dozi kamili na mwili umepata zaidi ya nusu kidogo, wala hakuna dalili ya kumshtua. Imatinibu, dawa nyingine ya saratani, nayo hupungua kwa namna hiyo hiyo. Balungi hufanya kinyume chake: huzuia vimeng'enya hivyo, na kwa baadhi ya dawa za vidonge kiwango hupanda hadi kwenye sumu. Hata kirutubisho chenye hoja nzuri ya kibiolojia kinaweza kugeuka. Asetili-L-kanitini ilitarajiwa kuzuia ganzi ya vidole inayoletwa na dawa za tibakemia za jamii ya paklitakseli. Ilipopimwa kwa wanawake 409 kwa dozi ya gramu 3 kwa siku, waliomeza walikuwa na ganzi mbaya zaidi baada ya wiki 24 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Ukiiangalia orodha hiyo kwa makini, utaona karibu yote ni vitu vya kumeza. Ushahidi mzuri zaidi wa tiba nyongeza uko kwenye vitu visivyopita ini kabisa.

Mazoezi yanaongoza. Mwaka 2025 matokeo ya jaribio la CHALLENGE yalihusu wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kumaliza upasuaji na tibakemia. Nusu walipewa vijitabu vya elimu ya afya, nusu wakapewa mpango wa mazoezi wenye msimamizi kwa miaka 3. Baada ya miaka 8, waliokuwa hai ni asilimia 90.3 kwa wafanya mazoezi na 83.2 kwa wenye vijitabu. Kama kidonge kingeleta tofauti hiyo kingekuwa kimeshaandikwa kwenye kila cheti cha dawa. Maumivu ya misuli na viungo yaliongezeka, asilimia 18.5 dhidi ya 11.5, na ndiyo sababu msimamizi anahitajika: mwenye saratani iliyofika mifupani hanyanyui uzito mpaka ijulikane mfupa upi ni dhaifu.

Barafu mdomoni ni mfano mwingine, na hauna gharama yoyote. Mgonjwa anayechomwa florourasili, dawa ya tibakemia, kwa mkupuo huanza kumung'unya vipande vya barafu dakika 5 kabla ya sindano na kuendelea hadi dakika 30 zitimie. Mishipa ya damu ya mdomo hujikunja, dawa inafika kidogo, vidonda vinapungua. Ila dawa hiyo mara nyingi hutolewa pamoja na oksaliplatini, dawa nyingine ya tibakemia, ambayo huzifanya neva zichukie baridi. Mgonjwa huyo akipewa barafu anaweza kuhisi koo linambana hadi anadhani hapumui. Muuguzi anayejua kwamba barafu husaidia, lakini hajui ni kwa dawa ipi, ataleta hofu isiyo ya lazima.

Akupancha ina ushahidi wa kati, na watetezi wake huukuza. Kwa maumivu ya viungo yanayoletwa na vidonge vya kuzuia homoni ya estrojeni kwa wenye saratani ya titi, jaribio la wanawake 226 lilitumia sindano mara 2 kwa wiki kwa wiki 6, kisha mara 1 kwa wiki kwa wiki 6 nyingine. Kwenye kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yalishuka kwa pointi 2.05, dhidi ya 1.07 kwa sindano za kuigiza na 0.99 kwa waliosubiri bila sindano. Tofauti ya pointi moja, na watafiti wenyewe walisema umuhimu wake kwa mgonjwa haujulikani vizuri. Hata hivyo vidonge hivyo humezwa miaka 5 au zaidi, na maumivu ni moja ya sababu kubwa za wanawake kuviacha njiani. Pointi moja inayomfanya mtu aendelee kumeza dawa yake si ya kudharauliwa. Sindano zisubiri kama chembe za kugandisha damu au seli nyeupe ziko chini sana, na mkono wa upande ulioondolewa tezi za limfu usiguswe.

Tangawizi? Katika jaribio la wagonjwa 576, gramu 0.5 hadi 1.0 kwa siku, kuanzia siku 3 kabla ya tibakemia, zilipunguza kichefuchefu cha siku ya kwanza zikitumiwa pamoja na dawa za kawaida za kuzuia kutapika. Gramu 1.5 haikuzidi hapo. Na kama chembe za kugandisha damu zimeshuka, ipumzishwe.

Kliniki inayotaka kufanya hivi vizuri huanza na karatasi moja ya kuandika yote anayotumia mgonjwa, kabla ya dozi ya kwanza. Mgonjwa aje na chupa na vifurushi vyenyewe, kwa sababu majina ya kukumbuka kichwani hayamsaidii mfamasia kuona kilichomo. Swali liulizwe kama sehemu ya kazi, "unatumia nini kingine?", bila kukunja uso, maana aliyekemewa mara moja hatasema tena, na asiyesema ndiye anayemeza St. John's wort wiki ya irinotekani. Kisha swali la pili, ambalo takwimu za Yale zinadai liulizwe na wengi hawaliulizi: "kuna matibabu tuliyokushauri ambayo hutaki?" Akijibu kwamba hataki mionzi, aulizwe anachokiogopa, apewe tarehe ya kurudi kulizungumza tena ndani ya muda ambao mionzi bado ina faida, na miadi yake mingine yote ibaki palepale.