Faramir Kasingiziwa, Mimi Nimenyolewa Nusu

Kofia hii mnayoniona nayo hadi mezani ni ya kampeni, lakini mimi sigombei kitu. Naivaa kwa sababu upande wa kulia wa kichwa umeshanyolewa, wa kushoto unasubiri umeme. Na wa kulaumiwa ni Peter Jackson, mwongozaji wa filamu tatu za The Lord of the Rings.

Juzi jioni nimeingia saluni kwa kijana wangu wa siku zote. Kwenye runinga kaweka The Two Towers, ile ya pili, ya 2002, tena iliyotafsiriwa. Mtafsiri wa muvi mnamjua, hana habari na mtu. Gandalf, yule mzee mchawi, kamwita Mganga. Gollum kamwita Ukapa, na hapo nilimvulia kofia, enzi hizo nikiwa bado naivua, maana kiumbe aliyekonda vile, anayekunyemelea usiku na mchana akililia mali isiyokuwepo mfukoni mwake, ukapa huo huo. Frodo, aliyebebeshwa pete ya kutawala dunia akaiangamize, kamwita Dogo.

Dogo! Kwenye kitabu cha Tolkien, ambacho filamu imetoka humo, Frodo anaondoka kwao akiwa na miaka 50. Mzee mwenzangu, mtu wa magoti kulia kama mlango, kabebeshwa mzigo wa dunia nzima. Wao wakamweka Elijah Wood, aliyeanza kupigwa picha akiwa na miaka 18. Hata kwenye kazi ya kutembea kwa miguu kwenda kufa wazee hatupewi, wanasema kuna kijana. Nikameza mate. Gimli, mpiga shoka anayejiheshimu, wamemfanya mchekeshaji wa harusi. Nikameza. Kule kwenye ngome ya Helm's Deep wakaleta jeshi la kina Legolas, wale wapiga upinde, ambalo kitabuni halikukanyaga. Nikajisemea, mtu mzima hagombani na runinga.

Ndipo akatokea Faramir.

Kitabuni, Faramir, kapteni wa vita, anamkuta Frodo porini na pete anayo, pete ile ile iliyomtoa akili kaka yake Boromir. Anasema hata angeikuta imelala barabarani asingeiokota. Baadaye anagundua kumbe ndiyo hiyo, iko mbele yake, ana askari, hakuna shahidi. Analishika neno lake. Anawalisha wageni, anawapa chakula cha njiani na fimbo za kutembelea, anawaachia. Kwisha habari. Kwenye filamu? Anawaburuza mateka mpaka mji wa Osgiliath, eti apeleke pete kwa baba yake apate sifa. Osgiliath! Kitabuni Frodo hafiki huko hata kwa kupotea.

"Hapana!" Nimepiga kelele mashine ikiwa juu ya sikio.

"Mzee, tulia, nitakukata."

"Huyu anasingiziwa."

"Nani?"

"Huyu kapteni. Hakufanya hivi."

Kijana akazima mashine. Hapo ndipo nilipokosea, kinyozi hazimishwi mashine jioni, jioni umeme ni wa kuvizia.

"Kwani unamjua?"

"Namjua, nimemsoma."

"Kasema kamsomesha," jamaa mmoja wa kwenye benchi akawaeleza waliokuwa nje. Yule haji kunyoa, anakuja kuchaji simu. Nje wakaanza kuulizana kama nilikuwa mwalimu, na shule gani. Mmoja akasema uso wangu anaukumbuka.

Nikajaribu kuwaeleza kwa upole, kama wakili. Wa benchi akanikatisha: "Mzee, pete ya kutawala dunia, mtu aione halafu aiache? Hiyo muvi nani ataiangalia? Lazima aitamani kwanza."

Kinachoniuma ni kwamba waandishi wa filamu nao walijitetea hivyo hivyo. Walisema pete ikipita kwa Faramir bila kumtikisa, watazamaji wataiona bangili tu. Yaani mtu wa kuchaji simu na watu waliobeba Oscar wana akili moja!

Nikapandisha. Nikawaambia, sikilizeni nyinyi, mwezi uliopita mimi nimeokota simu kwenye daladala, kubwa, kioo hakina hata mkwaruzo. Nikampa konda, na mwenyewe akaja kuichukua kituoni. Gari zima likanicheka. Konda aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Mke wangu hajauliza mwenye simu alifurahi vipi, anauliza ilikuwa aina gani. Mpaka leo anauliza! Sasa nikikuta kwenye kitabu mtu mmoja, mmoja tu, aliyeona kitu cha watu akakiacha, mnataka naye kwanza aibe kidogo halafu ajute?

Kimya. Kwenye runinga wamefika Osgiliath. Nikanyoosha kidole, maana hapo Samwise, mwenzake Frodo wa safari, mwenyewe anatamka kwamba kwa haki hawakupaswa kuwepo pale. "Msikieni! Shahidi wangu huyo!" Mtafsiri akamsemea: "Bosi, tangu asubuhi hatujala."

Benchi likaangua kicheko. Na umeme ukakatika.

Tumekaa gizani saa nzima. Kijana akajaribu mkasi kwa tochi ya simu, nikakataa, nikamkumbusha kuwa mimi ni baba wa watu. Akanipa kofia hii na kuniomba hela yote. Nikamwambia nusu. Akasema: "Faramir angelipa yote." Nimelipa yote.

Jana nikarudi na kitabu, tofali langu la Posta, nililolinunua pale chini barabarani. Kijana akakipima mkononi. "Hizi kurasa zote pete moja, mzee?" Umeme bado. Akaniambia nikiache, atakipitia jioni. Leo nimepita, kiti kimoja cha saluni hakiyumbi tena.

Sijamgusia hata Denethor, baba yake Faramir, mzee mwenye akili kali, kavunjwa moyo na aliyoyaona kwenye jiwe la kuonea mbali. Kwenye filamu ya tatu wamemkalisha anatafuna nyanya maji yake yakimchuruzika kidevuni, mwanawe akienda kufa. Na nyanya zenyewe, asubuhi nimetumwa sokoni, fungu lina tatu na moja imebonyea. Nimemuuliza mama muuzaji kulikoni, akaniangalia kofia, akaniambia muulize mgombea wako.