Spea ilianzia kwenye bunduki, saa ikafuata

Ukinunua spea siku hizi unategemea iingie palepale bila fundi kuipiga tupa, na hii kitu haikuanzia kwenye magari, chimbuko lake ni bunduki za gumegume. Mwaka 1785 fundi bunduki wa Ufaransa, Honoré Blanc, alimwonyesha Thomas Jefferson, enzi hizo balozi wa Marekani kule, vipande vya mitambo 50 ya kufyatulia iliyofunguliwa yote, vimepangwa kwenye visanduku, Jefferson akawa anaokota tu chochote kinachomjia mkononi anaunga, na vinakaa sawasawa kabisa. Kabla ya hapo skrubu ya bunduki hii haiingii kwenye ile hata kama fundi ni mmoja.

Kinachoniuma ni sifa zote za vipande vinavyobadilishana kupewa Mmarekani Eli Whitney. Alichukua mkataba wa bunduki 10,000 mwaka 1798, amalize kwa miaka miwili, akamaliza 1809, na zilizobaki hadi leo vipande vyake havibadilishani! Aliyeiweza kweli kule Marekani ni fundi bunduki John Hall kwenye kiwanda cha silaha cha Harpers Ferry, na siri yake ni geji, yaani kifaa cha chuma cha kupimia kama kipande kina ukubwa unaotakiwa. Kipande hakipimwi kwa jicho, kinapitishwa kwenye geji, kikigoma kinarudi, afu geji za kazini nazo zinakaguliwa kwa geji mama inayotunzwa pembeni, manake chuma kikisuguliwa kila siku kinalika na kikilika kipimo basi bunduki zote zinapotea nacho bila mtu kujua. Watu wanasifia mashine, mimi nasema bila geji mashine inakutolea makosa kwa haraka zaidi tu.

Ndio baadaye fundi saa Aaron Dennison akaenda kuangalia kazi kwenye kiwanda cha silaha cha Springfield, akaona na saa inawezekana. Hapo mziki mwingine kabisa, skrubu ya saa ikiponyoka kwenye koleo huioni tena. Kampuni yake ya saa ilifilisika 1857, ila kiwanda chake cha Waltham, Marekani, kikaendelea chini ya wengine, na 1876 kwenye maonyesho ya Philadelphia Mswisi mmoja, Favre-Perret, akabeba saa ya Waltham hadi kwao akampa fundi wa kurekebisha mwendo aichunguze. Fundi alirudi baada ya siku kadhaa amechanganyikiwa, akasema kwenye saa elfu hamsini za kwao huwezi kupata hata moja kama ile.