Kondomu, mwenzi mpya na hoja ya kuaminiana Nyanda za Juu Kusini

Katika mazungumzo ya vijana wa Mbeya, Iringa na Njombe kuhusu mapenzi, anayedai kondomu kwa mtu waliyejuana majuzi ndiye anayetakiwa kujieleza. Akiitaja tu, jibu huja haraka: "Kwani wewe una nini?" au "Ina maana huniamini?" Ombi la kujikinga hugeuka kesi, na aliyeomba huwa mshtakiwa. Upande huo wa mwombaji, ambaye mara nyingi ni mwanamke, naona haujaeleweka ipasavyo, na hata kampeni zilizoanzishwa kwa nia ya kumlinda zimechangia kumweka pabaya.

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 nchini Tanzania ulikuta kiwango cha maambukizi kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi ni asilimia 4.4 nchi nzima, wakati Njombe ilikuwa na asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Mikoa hii imekaa juu ya orodha kwa muda mrefu kiasi kwamba namba zenyewe hazimshtui tena mkazi wa Makambako au Mafinga. Ni haki pia kusema kwamba sehemu ya ukubwa wa namba hizo ni matunda ya tiba: watu waliokuwa wakifa mapema sasa wanatumia ARV, dawa za kufubaza virusi, wanalima viazi na parachichi zao, wanasomesha watoto, na bado wanahesabiwa. Kwa hiyo asilimia ya mkoa peke yake haimwambii mtu ni hatari gani iliyo mbele yake.

Kinachosema zaidi ni takwimu nyingine ya utafiti huo huo, ambayo kwa maoni yangu haijazungumzwa vya kutosha. Kati ya watu wazima wanaoishi na VVU nchini, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali yao. Miongoni mwa waliojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa. Na miongoni mwa walio kwenye dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa hadi havionekani kwenye kipimo, na akaendelea kumeza dawa zake, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Wanaobaki, na ambao sehemu kubwa ya hesabu inawaangukia, ni wale wapatao 17 katika kila 100 wasiojua. Hao hawana kadi ya kliniki ya kuficha. Wakiulizwa, watajibu kwa moyo mweupe kwamba wao ni wazima, na hawatakuwa wamemdanganya mtu.

Hapo ndipo hoja ya kuaminiana inapoishiwa nguvu. Kumwamini mtu ni kuamini kwamba anasema kweli kadiri anavyoijua, lakini jambo lenyewe hapa hajalijua. Msichana anaweza kumwamini mchumba wake kwa kila kitu, akawa sahihi kwa kila kitu, na bado akaambukizwa na kijana mwaminifu ambaye hajapima tangu mahusiano yake yaliyopita. Vivyo hivyo, anayewakwepa watu wanaofahamika kuwa wako kwenye dawa, kisha akalala bila kinga na mtu aliyenawiri ambaye hajawahi kukanyaga kituo cha kupima, amegeuza hatari juu chini.

Upande wa pili una hoja zake, na si za kupuuzwa. Viongozi wa dini wanaosisitiza kusubiri hadi ndoa hawasemi jambo lisilo na mantiki: anayesubiri kweli, na mwenzake naye akasubiri, hahitaji mjadala huu. Wapo wanaotaka mtoto mapema, na kwao kondomu ni kizuizi cha jambo lenyewe wanalolitafuta. Wapo wanaosema wazi kwamba raha hupungua, na msemo wa kula pipi na ganda lake haukuzuka hewani. Tena kondomu si ukuta kamili. Tathmini za kitabibu huonyesha kuwa ikitumiwa kila mara hupunguza maambukizi ya VVU kwa takribani asilimia 80, na magonjwa yanayopita kwa kugusana ngozi, kama kaswende, huzuiwa kwa sehemu tu.

Lililo zito zaidi ni historia. Kwa miaka mingi ujumbe wa kondomu uliwekwa katika gesti na baa za barabara kuu ya TANZAM iendayo Zambia, kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi Tunduma, ukiwalenga madereva wa malori na wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na imeokoa watu. Lakini ilituachia wazo kwamba kondomu ni ya watu fulani, hivyo binti wa Uyole akiitaja kwa kijana anayempenda, kijana husikia kwamba amewekwa kundi moja na wapita njia. Kuumia kwake kunaeleweka.

Gharama ya wazo hilo huonekana ukisimama jioni katika duka la dawa pale Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kijana wa kiume hunyoosha noti, hutaja jina la kondomu anayotaka, huondoka. Dada wa rika lake husubiri wateja waishe, huanza kwa kuomba Panadol, kisha huelekeza kidole kwenye kabati la kioo bila kutamka kitu. Kijana mwenye kondomu mfukoni huitwa mjanja. Dada mwenye kondomu kwenye pochi hutafutiwa jina jingine.

Wenye kuzitumia nao wana tatizo lao. Wengi huanza na kinga, kisha baada ya kukutana mara mbili tatu huiacha kwa sababu "tumeshazoeana", bila kipimo chochote katikati. Kipimo cha haraka kinaweza kuchukua hadi miezi mitatu tangu maambukizi kabla ya kuyaonyesha, hivyo mwenzi wa wiki ya tatu, kwa upande wa damu, bado ni mgeni kabisa. Nashangaa jambo hili halisisitizwi, hasa kwa kuwa makanisa mengi huwataka wachumba wapime kabla ya kufunga ndoa na hakuna anayeona kwamba mchungaji amewatukana. Tumeshakubali, basi, kwamba kuhakikisha hakuvunji upendo. Kwa wale ambao hawatasubiri ndoa, na ni wengi, uhakika huo unapaswa kuja mapema: kupima pamoja mwanzoni, kinga kwa miezi mitatu, kisha kupima tena. Marekebisho ya mwaka 2019 ya sheria ya VVU na UKIMWI yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe na yakashusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi hadi miaka 15, kwa hiyo njia ipo, japo majibu yanayoonyesha maambukizi lazima yathibitishwe kituoni.

Upatikanaji nao usichukuliwe kuwa jambo la kudumu. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na sehemu kubwa ya huduma za VVU nchini ilikuwa imeegemea huko. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa mbao, chai na viazi zinaweza kuweka kondomu na vipimo katika bajeti zao wenyewe.

Lisilohitaji bajeti ni nani aitaje kwanza. Leo mzigo huo anaubeba mwenye nguvu ndogo zaidi chumbani, ambaye akikataliwa hana pa kwenda usiku ule. Mwanamume akiitoa mwenyewe, kabla hajaombwa, swali la "kwani una nini" halipati mtu wa kuuliza, na mwanamke hahitaji tena kuchagua kati ya afya yake na kuonekana hana imani. Kampeni zijazo za Njombe, Iringa na Mbeya ningependa zianze na huyo mwanamume: mume mtarajiwa, mwalimu, mkulima wa Rungwe, mpasua mbao wa Mufindi.