Hadithi Niliyoianika Uani

Hadithi yangu ilikwama sura ya tatu, pale binti anapoporwa mchumba na shoga yake. Wiki mbili mimi nalitazama daftari, daftari linanitazama. Rafiki yangu mmoja, mchoraji wa Tingatinga, akanipa dawa: "Weka kalamu chini, shika kitu. Mzee Tingatinga mwenyewe alianza na hadibodi na rangi za baiskeli. Mkono ukichafuka, kichwa kinafunguka."

Rangi sina. Udongo wa uani kwetu paka wameshauwahi. Ila mke wangu ana sanduku la kanga, na siku hiyo alikuwa Korogwe msibani.

Wazo lilikuwa zuri, hata leo nalitetea. Kanga ni kisa kilichokwisha kupangwa: pindo ndilo ukuta, mji, ile sehemu ya katikati, ndio mahali pa tukio, jina, yale maandishi yake, ndilo neno la mhusika. Nikafukua sanduku hadi chini. Ya buluu ikawa binti. Nyekundu ya korosho, niliyoikuta imefichwa chini kabisa, ikawa shoga mwizi.

Chumba chetu ukijinyoosha unapiga teke jiko, kwa hiyo nikatoka nazo uani, kwenye kamba ya wapangaji wote. Nikazipanga kwa mfuatano wa visa, majina yakisomeka. MDHANIAYE NDIYE SIYE. Kisha ile nyekundu: HASIDI HANA SABABU. Mwisho, kilele cha kisa: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Nikavuta kigoda. Wallahi, maneno yalimiminika kama bomba la DAWASA lililopasuka.

HASIDI ilikuwa imetua sawia mbele ya mlango wa jirani yetu, ambaye kumbe yeye na mke wangu walikuwa wamenuniana. Mimi mwanamume, ya kanga na kununiana nayajulia wapi?

Jirani akatoka na beseni la vyombo. Akasoma. Akalishika pindo, akaligeuza, akalinusa.

"Shemeji, umeagizwa uianike hapa?"

Kichwa changu kilikuwa hadithini. "Hapana, nimeipanga mwenyewe. Huyu hasidi nimemtafuta siku nyingi, leo ndiyo nimempata."

"Umempata?"

"Na bado. Sura ya tano namfukuzisha nyumba."

Beseni likaanguka. Heri vyombo vilikuwa vya plastiki.

Aliingia ndani, akarudi na doti mpya, gundi haijatoka, akaitundika ubavuni mwa simba wangu: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Bibi wa chumba cha nyuma, mtu wa amani, akaona asibaki nyuma, akaleta SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Nami, mjinga wa Mungu, nafurahi, nanakili! Sura ya nne nzima niliipata pale. Kuniona naandika, wakadhani nakusanya ushahidi.

"Isiguswe kitu mpaka mjumbe aje!" jirani akapiga kelele.

Mjumbe akaja, akaomba daftari, akalisoma kwa sauti mbele ya wapangaji wote na watoto wao. Alisoma vizuri, kwa kweli, na vituo akavifuata. Akafika mahali pasemapo kwamba shoga mwizi alikuwa na pengo la mbele. Uani kimya. Macho yote yakahamia kwenye mdomo wa jirani, naye akaufunga haraka. Naapa pengo lile nilikuwa sijawahi kuliwaza.

Simu ikaita. Mke wangu.

"Baba watoto, nimepigiwa simu. Ile nyekundu ya korosho umeitoa wapi?"

"Sandukuni."

"Chini kabisa? Chini ya magazeti?"

"Hapo hapo."

Akavuta pumzi ndefu.

"Ile ni yake. Aliniazima siku ya Idi. Nikamwambia imeibiwa kambani."