Party Pier, Guangzhou: Anayekula Bata ni Simu, Wewe Unaisindikiza Tu

Jamani, nani kawaambia kula bata China kunataka pesa? Pesa unazo, noti zimenyooka, na sheria ya kule inamkataza mwenye duka kuzikataa. Haya, mpe kijana wa kaunta noti ya 100 kwa bili ya yuan 38. Atazunguka meza zote akiulizia chenji, kaishika noti kama kapewa hati ya shamba.

Pale Party Pier, mtaa wa bia kando ya mto jijini Guangzhou, anayehudumiwa ni simu. Wewe mwenye tumbo ni msindikizaji.

Basi iandae hiyo simu kabla ya kutoka hotelini. Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu, iunganishe na kadi yako ya Visa au Mastercard, upige picha pasipoti, usubiri uthibitisho. Usijaribu kufanya hivyo mezani, mishikaki imeshafika! Benki yako inatuma namba ya siri kwenye laini ya nyumbani, na laini ya nyumbani umeichomoa uwanja wa ndege ukaweka ya Kichina. Unabaki unatazamana na mhudumu. Na malipo ya kadi ya kigeni yakizidi yuan 200 kwa mkupuo, wanakata asilimia 3. Lipeni vipandevipande, wenzangu, aibu haina risiti.

Kufika si kazi. Treni ya chini ya ardhi, laini ya 8, shuka Modiesha, tembea kuelekea mtoni. Au panda tramu pale mnara wa Canton, yuan 2 tu, inakushusha mlangoni. Penyewe palikuwa gati la kiwanda cha bia, upande wa kusini wa mto, na taa za ghorofa za ng'ambo zinakumulika usoni. Pazuri, sibishi. Ila Aprili na Oktoba, msimu wa maonyesho ya biashara ya Canton, kumbi ziko jirani hapohapo Pazhou; kila mfanyabiashara aliyeshinda anahesabu vigae na majenereta anataka kiti kinachotazama maji.

Kiti chenyewe sasa. Meza za ukingoni mara nyingi zina kiwango cha chini cha matumizi. Uliza "dixiao", yaani hicho kiwango, ni ngapi kabla makalio hayajagusa kiti. Bia nazo wanapenda kuuza kwa nusu dazeni au dazeni, kwa hiyo mtu mwenye kiu ya chupa moja anaonekana kaja kupoteza muda wa watu. Glasi ni ndogo, ukadhani ni ustaarabu. Thubutu! "Ganbei" ni kumaliza yote, na glasi ikiisha inajazwa.

Menyu ni msimbo wa QR uliobandikwa mezani. Unaskani, inafunguka kwa Kichina, mara nyingine inadai namba ya simu ya Kichina. Wi-Fi nayo inadai namba hiyohiyo. Ukishaipata, WhatsApp haifunguki, Google haifunguki, kule zimezuiwa. VPN, programu ya kukwepa vizuizi hivyo, inawekwa ukiwa bado kwenu; au acha laini ya nyumbani iwe na bando la nje, maana hiyo data inapitia mtandao wa kwenu na kila kitu kinafunguka.

Sasa samaki. Umeona kamba hai kwenye tangi, kibao kinasema 58, umefurahi. Tulia. Hiyo 58 ni ya jin moja, yaani nusu kilo. Wanne mkila kilo mbili, fanyeni hesabu wenyewe. Simama kwenye mzani, hakikisha maji yamechujwa, kubalianeni bei kabla hawajaingia jikoni, kwa sababu kamba akishapikwa na kitunguu saumu hana tena shahidi. Bilini utakuta na chai ya kila kichwa, na pakiti ya tishu uliyodhani ni ukarimu.

Asiyekula kitimoto ajue kwamba nyama ya kusaga ya nguruwe inajificha hata kwenye bilinganya na maharage mabichi. Kusema "wo bu chi zhurou", yaani sili nguruwe, kunasaidia, kuonyesha maandishi kunasaidia zaidi. Kama unataka halali kwelikweli, tafuta alama 清真, na huku kwenye mtaa wa bia usitegemee kuiona. Kula kwanza mtaa wa Xiaobei, kwenye migahawa ya halali, ndipo uje kutazama mto.

Bakshishi hakuna. Ukiacha yuan 10 mezani, mhudumu anakukimbilia kukurudishia. Hapo tu ndipo sina la kulalamika.

Halafu saa tano usiku treni zinaelekea kufunga, na simu, baada ya kazi yote hiyo, iko asilimia 4. Bila simu huiti teksi, hulipi, hotelini huelezeki. Unakodi pawabenki kwenye kimashine cha baa, inahesabu kwa saa. Teksi haiingii ndani, toka hadi barabara ya Yuejiang. Na hiyo pawabenki irudishe kwenye mashine yoyote ya kampuni ileile usiku huohuo, kwa sababu ukilala nayo inaendelea kuhesabu, na mara nyingi ikifika yuan 99 wanaacha: hongera, umeinunua.