Moshi Bila Kupanda Basi

Fundi wa mtaani kwetu, hapa Mbagala, anachukua 3,000 kumwaga oili ya pikipiki na kuweka mpya. Elfu tatu! Kwa kufungua nati moja! Oili yenyewe nanunua mimi, pikipiki yangu, yeye analeta mkono tu. Nikasema huu ni wizi wa mchana, safari hii nafanya mwenyewe. Nikaenda dukani kununua spana namba 17, shilingi 4,000. Msinipigie hesabu, naijua.

Jumamosi jioni nikavua shati. Sijui shati linahusiana nini na oili, ila mafundi wote nawaona hivyo. Nikaiweka pikipiki kwenye stendi ya pembeni, nikafungua nati, oili ya zamani ikashuka nyeusi tii kama kahawa ya kijiweni. Nikafunga, nikamimina lita yangu moja, nikachomoa kijiti kupima.

Kikavu! Sasa hapo ndugu zangu mimi nina tatizo la malezi. Mama yangu hakuwahi kuamini kwamba mgeni ameshiba mpaka aone ubwabwa umebaki kwenye sahani. Nikaitazama pikipiki imeinama pale kama mlevi anayesubiri daladala, nikaingiwa huruma. Kumbe mashine ina njaa! Chini ya kitanda kulikuwa na nusu lita ya akiba. Nikaimimina yote. Kupima tena, ncha imelowa. Nikavaa shati.

Jumapili asubuhi nikapiga kiki. Ikawaka vizuri tu, nikamwangalia mama watoto kwa jicho la "unaona?" Hakuniona. Hatukuonana tena kwa dakika nzima. Ua wote ulijaa moshi. Watoto wa jirani wakatoka mbio wakishangilia, wakidhani ni wale jamaa wa kupuliza dawa ya mbu. Mpangaji wa chumba cha mbele alikuwa ameanika mashuka meupe, na maneno aliyoyasema nayaacha hukohuko uani. Yule mzee wa nyumba ya pili, ambaye mwezi mzima hajanisalimia, akafungua dirisha: "Baba, hongera! Umefika Moshi bila kupanda basi!"

Nikaikokota hadi kijiweni kwa vijana wa bodaboda. Kosa la pili. Pale hakuna mgonjwa anayeondoka na ugonjwa mmoja.

Wa kwanza hata hakushuka kwenye pikipiki yake. "Mzee wangu, ringi za pistoni zimekufa. Ukivuta mafuta moshi unazidi, hiyo ringi. Tafuta laki na nusu ufanye ovahoo." Wa pili akasema si ringi, ni sili za vali, kwa sababu imetoa moshi ilipowashwa asubuhi baada ya kulala. Yangu ilitoa ilipowashwa, ikatoa ilipovutwa, ikatoa ilipoachiwa, kwa hiyo ilihukumiwa kwa makosa yote. Wa tatu akasema petroli imechakachuliwa. Wa nne akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu ninayegombana naye nyumbani kwetu kijijini.

Ndipo mmoja mwenye mvi akasema kwanza tuangalie rangi. Mweusi, mafuta mengi kuliko hewa, au chujio limeziba. Mweupe unaopotea upesi, maji yamo kwenye ekzosi. Wa bluu, inakula oili. Maneno ya maana kabisa, ila yaliharibu kila kitu. Wanaume saba tukasimama nyuma ya ekzosi tukibishana rangi. Huyu anasema mweupe, huyu kijivu, huyu anasema bluu lakini si bluu ile. Mama watoto alikuwa anapita kwenda sokoni, akatupa jicho moja tu kama anachagua kitenge: "Samawati iliyopauka." Akaendelea na safari yake.

Basi oili. Nikarudi kwa fundi wangu wa 3,000, kichwa chini. Nilishaanza kupiga hesabu niuze kitu gani nipate hiyo laki na nusu. Yeye hakushika hata spana. Akauliza, "Baba, ulipima ikiwa stendi gani?"

Nikanyamaza.

Akaisimamisha kwenye stendi ya kati, ikakaa wima, akachomoa kijiti. Kimelowa hadi juu. Kumbe ikilala upande, oili yote inakimbilia kushoto, na kijiti kiko kulia kinalia njaa. Mashine ya lita moja nimeilisha lita moja na nusu! Oili ikizidi hivyo, krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, inaikoroga kama uji, povu linapanda kwenye mpira wa kupumulia hadi boksi la chujio la hewa, na kabureta, masikini, inavuta kinachokuja. Kikifika kwenye silinda kinaungua. Akafungua lile boksi, oili ikamwagika miguuni kwake. Akalitoa sponji la chujio, akalikamua kama anakamua tui, akaliosha. Ringi nzima, vali nzima, aliyekufa pale ni mimi tu.

"Elfu nane," akasema. Nikalipa bila neno. Akanirudishia nusu lita yangu kwenye chupa ya maji, akanisihi kwa heshima zote nisiiweke mahali popote.

Nyie mnadhani moshi ulikata? Oili iliyokwisha ingia kwenye ekzosi sharti iungue yenyewe iishe. Jumatatu na Jumanne nimefika kazini nikisindikizwa na wingu, mlinzi wa getini anapiga saluti huku ameziba pua. Jumatano ndiyo imetulia.

Sasa hivi natafuta ile spana namba 17, siioni. Niliiacha juu ya kabati. Nimemuuliza mama watoto, yeye anachambua mchele wake, hata kichwa hajainua. Anasema labda imeenda Moshi.