Kikombe cha Pembe ni cha Kale, Soko Lake ni la Leo

Wakusanyaji wa vitu vya kale wana hoja, na ina uzito wake. Kikombe cha pembe ya faru kilichochongwa China enzi za Ming au Qing kimetokana na mnyama aliyekufa karne kadhaa zilizopita, na kuzuia kisiuzwe hakumrudishii uhai. Kazi yenyewe ni ya fundi hasa. Pembe ya faru haina mfupa ndani, ni nyuzi za keratini zilizoshikamana, kitu kilekile cha kucha zetu. Fundi aliipindua, kitako kipana kikawa mdomo wa kikombe, kisha akachonga ukuta wake kuwa jani la yungiyungi, mishipa ya jani ikionekana na vijoka vikipanda ukingoni.

Wanywaji walivithamini vikombe hivi kwa sababu nyingine: sumu. Ge Hong, mwanazuoni wa karne ya 4, aliandika kwamba pembe ikitumiwa kukorogea kitu chenye sumu hutoa povu jeupe. Huko Prague, Kaizari Rudolf II naye alijikusanyia vikombe hivi. Kwa mtawala aliyeogopa kulishwa sumu mezani pake, imani hiyo haikuwa mchezo.

Wanaotaka vikombe hivi visiuzwe kabisa huitwa maadui wa sanaa. Hapo wanaonewa. Hawajasema vichomwe wala vitolewe makumbusho. Wanachopinga ni bei, na bei ndiyo inayowafikia faru walio hai.

Chukua kesi ya Li Zhifei, mfanyabiashara wa vitu vya kale kutoka China, aliyehukumiwa New Jersey, Marekani, mwaka 2014 kifungo cha miezi 70. Aliuza pembe ghafi 30, zenye thamani ya takriban dola milioni 3, kwa viwanda vya China vilivyozichonga na kuzifanya zionekane za kale. Mabaki ya kuchonga yaliuzwa kama dawa. Tafakari mpangilio huo: pembe moja inalipa mara mbili, kwanza kwa mpenda sanaa, kisha kwa mgonjwa, na kilichofungua mlango ni heshima ya kikombe cha kale. Miaka mitatu kabla ya hukumu hiyo, vikombe vitano vya mtu mmoja mjini Tulsa, Marekani, vilikadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 1 hadi 1.5. Kwa bei kama hizo, kughushi ni biashara inayolipa.

Wakusanyaji hujibu kwamba wataalamu watabaini bandia. Baadhi watabaini. Kipimo cha kaboni kinaweza kuitambua pembe ya faru aliyeuawa baada ya majaribio ya nyuklia ya miaka ya 1950, yaliyobadilisha kaboni ya hewani, lakini pembe ya miaka ya 1920, iliyoning'inizwa ukutani na mwindaji kisha ikachongwa juzi, ni vigumu kuitenganisha na ya karne ya 18. Sheria ya Marekani inayozuia biashara ya pembe inasamehe vitu vya kale vilivyofikisha miaka 100. Ile ya Umoja wa Ulaya iliweka mpaka wake kwenye vitu vya kabla ya mwaka 1947. Mughushi anajua mipaka hiyo kuliko mnunuzi.

Sisi wa Afrika Mashariki hatutazami kwa mbali. Kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, Periplus, kinaitaja pembe ya faru kati ya bidhaa zilizotoka Rhapta, katika pwani yetu. Na mwaka 1970 Afrika ilikuwa na faru weusi wapatao 65,000. Kufikia 1995 walibaki takriban 2,400. Vikombe si chanzo kikuu cha maangamizi hayo. Dawa za Asia na mipini ya majambia ya Yemen vilikula zaidi. Lakini kila soko halali la pembe huipa pembe haramu mahali pa kujificha, na hao 2,400 hawakuwa na nafasi ya kubebeshwa soko jingine.

Aliyerithi kikombe cha babu yake kwa uaminifu ataumia, na maumivu hayo ni ya kweli. Abaki nacho, awarithishe wanawe, akiazime makumbusho. Asikiuze tu.